Jicho Lionyeshe, Lisiamuru

Mhadhara kwa wananchi, Kombani, Kaunti ya Kwale



Nitazungumza juu ya ramani. Si ile ya ukutani iliyochorwa kwa wino. Ni hii ya kwenye simu, inayosukumwa kwa kidole na kuvutwa ikakua, inayomwonyesha mgeni wa Diani hoteli yake na dereva wa tuk-tuk njia ya mkato. Swali langu ni kama mtu anaweza kuiendesha kwa macho peke yake, mikono ikiwa imetulia mapajani. Anaweza, na si jambo la jana. Mwaka 1990 Robert Jacob, mtafiti wa maabara ya jeshi la wanamaji la Marekani mjini Washington, alichapisha maelezo ya mtambo wake uliokuwa na ramani yenye meli. Pembeni mwa ramani palikuwa na dirisha la maelezo. Ukiitazama meli, habari zake ziliingia dirishani kimyakimya. Ukihamishia macho dirishani, ulizikuta habari za meli uliyoitazama mwisho zinakungoja. Hakuna kitufe kilichobonyezwa.

Naupenda mfano huo kuliko mingi iliyokuja baadaye yenye mbwembwe. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza tulijue jicho.

Kila mmoja anyooshe mkono mbele yake na kuutazama ukucha wa kidole gumba. Eneo ambalo jicho linaona kwa ukali kamili halizidi sana ukubwa wa ukucha huo, kama nyuzi mbili hivi, yaani digrii mbili, za upana. Pembeni yake picha inafifia. Tunadhani tunauona ukumbi mzima kwa sababu jicho halitulii: linaruka kutoka mahali hadi mahali mara tatu au nne kwa sekunde, linatua kwa robo ya sekunde hivi, linaruka tena. Daktari Mfaransa Louis Émile Javal aliandika habari za miruko hii katika kusoma tangu karne ya 19. Na wakati wa kuruka hatuoni kitu cha maana. Ubongo unazima picha ili dunia isitufanye tusikie kizunguzungu.

Mrusi mmoja, Alfred Yarbus, alikwenda mbele zaidi. Kitabu chake kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1967 kina michoro ya njia za macho ya mtu aliyeonyeshwa picha moja iliyochorwa na Ilya Repin, ya mwanamume anayeingia nyumbani bila kutarajiwa. Akiulizwa familia hii ina mali kiasi gani, macho yake yalipita kwenye samani na mavazi. Akiulizwa umri wa watu, yalikwenda kwenye nyuso. Picha ni ileile, mtazamaji ni yuleyule, ila safari ya macho ilibadilika kwa sababu swali limebadilika. Shikeni hilo, kwa kuwa ramani haitazamwi bila swali. Anayetafuta gari la kwenda Lunga Lunga na anayetafuta mpaka wa shamba lake huko Matuga wanaweza kuwa na simu moja mikononi, na macho yao yakapita njia mbili zisizokutana.

Kifaa kinajuaje jicho linatazama wapi? Vile vilivyo imara hutumia taa ndogo za infraredi, mwanga ambao sisi hatuuoni lakini kamera inauona. Taa hiyo huacha nukta inayong'aa juu ya konea, ile ngozi angavu iliyofunika jicho kwa mbele. Jicho likigeuka, mboni inasogea lakini nukta karibu inabaki pale pale. Kompyuta inapima umbali kati ya mboni na nukta, inakisia upande wa macho, kisha inakisia mahali kwenye skrini. Kabla ya hapo mtumiaji ameombwa atazame nukta chache zilizopangwa kwenye skrini, ili mtambo ujifunze macho yake. Kampuni ya Tobii ya Uswidi, iliyoanzishwa mwaka 2001, imejenga jina lake kwa vifaa vya aina hii. Simu za kawaida hazina taa hizo kila mara; nyingi zinategemea kamera ya mbele na programu iliyofundishwa kwa picha nyingi za nyuso.

Sasa tuingie kwenye tatizo lenyewe. Wayunani wana hadithi ya Mfalme Midas, aliyeomba kila akigusacho kigeuke dhahabu, akapewa, na chakula chake kikageuka dhahabu pia. Jacob alilitumia jina la mfalme huyo kwa shida aliyoiona maabarani: kompyuta inayotii macho inatii kila kitu, hata yale uliyoyatazama kwa bahati tu. Fikirini matatu ambayo kondakta wake anagonga bati gari lisimame kila abiria anapotazama nje ya dirisha. Kutoka Likoni mpaka hapa mtachukua siku nzima.

Kidole hakina shida hii. Kidole kinapogusa skrini kimekwisha kuamua. Kabla ya hapo kilikuwa hewani, kinasubiri. Jicho halina mahali pa kusubiri. Kutazama ndiyo kazi yake, na sasa tunaliongezea kazi ya pili, ya kutoa amri, bila kulipatia namna ya kuonyesha ni kazi ipi linayoifanya sasa hivi.

Dawa ya kwanza iliyotumiwa ni muda. Mtu akikaza macho mahali pamoja kwa muda fulani, mtambo unahesabu kuwa amechagua. Jacob aliona kwamba milisekunde 150 hadi 250 zinatosha, kwa sharti kwamba kosa linaweza kufutwa kwa urahisi. Dirisha lake la meli lilitimiza sharti hilo kikamilifu: ukitazama meli usiyoitaka, hakuna kilichoharibika, tazama nyingine na habari zitabadilika. Ndiyo sababu naupenda mfano wake. Palipokuwa na jambo zito, kama kuihamisha meli kwenye ramani, alipendelea mtumiaji abonyeze kitufe. Katika programu za kuandika kwa macho, watu hupewa muda mrefu zaidi, nusu sekunde mpaka sekunde nzima kwa kila herufi, na wanaozitumia watakwambia jinsi kukazia macho hivyo kutwa kunavyochosha.

Kwa ramani, dawa ya muda ni dhaifu kuliko kwa herufi. Anayeandika anajua herufi anayoitaka na mahali ilipo. Msomaji wa ramani bado anatafuta. Anakazia jina kwa sababu halijui vizuri, au limeandikwa vibaya, au yapo mawili yanayofanana. Kule kukazia, ambako mtambo unakusoma kama uamuzi, mara nyingi ni mashaka. Ramani ikikua wakati huo, anapoteza kila kilichokuwa pembeni, na pembeni ndipo palipokuwa na jibu.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo, na sioni sababu ya kuuzungusha: jicho lionyeshe, kitu kingine kiamuru. Jicho ni hodari mno wa kuonyesha. Linafika mahali kabla ya kipanya au kidole kuanza safari. Lakini amri itoke kwingine: kidole, sauti, mguu, hata pumzi. Sophie Stellmach na Raimund Dachselt wa Ujerumani walifanya hivyo na Google Earth mwaka 2012. Mtumiaji alitazama mahali anapotaka kwenda, kisha akakuza ramani kwa gurudumu la kipanya au kwa simu aliyoishika mkononi. Macho yalisema wapi, mkono ukasema sasa. Na Apple walipoleta miwani yao ya Vision Pro mwaka 2024, hawakulipatia jicho peke yake mamlaka: unatazama kitu, kisha unabana kidole gumba na cha shahada. Kampuni yenye pesa zote hizo imefika palepale alipofika Jacob, baada ya miaka zaidi ya thelathini.

Kuna harakati moja tu ya ramani ambayo naliruhusu jicho liifanye bila msaidizi, nayo ni kuisogeza. Jicho haliwezi kuteleza taratibu mahali pasipo na kitu. Ukilijaribu linaruka vipande vipande. Likipewa kitu kinachosogea, linateleza nacho kwa ulaini. Basi tuseme ramani imepangwa hivi: ukitazama mahali palipo pembeni mwa skrini, panaanza kusogea kuja katikati, haraka kama pako mbali, polepole kadiri panavyokaribia. Unatazama Msambweni iliyo chini kabisa. Msambweni inapanda, jicho linaifuata bila wewe kuliambia, na inapofika katikati kasi inakwisha yenyewe. Umeacha kuisukuma kwa sababu umekwisha kuipata. Hapo kutazama na kuamuru vimekuwa tendo moja, na ukikosea unatazama upande wa pili tu.

Huko Zurich, Uswisi, watafiti wa chuo cha ETH walikuja na wazo jingine ambalo lingetufaa sisi wa simu ndogo. Mwaka 2012 walionyesha ramani inayokumbuka mahali mtu alipokwisha kupatazama, kisha inapaweka alama anapoipunguza ramani ili aone eneo kubwa. Hakuna amri hata moja hapo. Ramani imejitolea kukumbuka kwa niaba yako. Kwa maoni yangu, kazi nzuri ya macho siku za mbele itakuwa ya namna hiyo, ya kusaidia zaidi kuliko ya kutawala.

Najua swali linalokuja. Na asiye na kidole cha kubana, wala sauti ya kusema? Hapo msimamo wangu unalegea, na ni lazima ulegee. Steve Gleason, mchezaji wa zamani wa kandanda ya Kimarekani aliyepata ugonjwa wa ALS unaodhoofisha misuli kidogo kidogo, aliwashawishi wahandisi wa Microsoft wamtengenezee namna ya kuendesha kiti chake cha magurudumu kwa macho, na mwaka 2017 Windows 10 ikatoka na uwezo wa kutumiwa kwa macho. Kwa mtu kama huyo jicho ndilo mkono, ndilo ulimi. Atatumia muda wa kukazia kwa kuwa hana kingine, na wajibu wa mtengenezaji ni kuhakikisha kila kosa linarudishwa kwa hatua moja. Lakini hata hapo tusidhani jicho linamfaa kila mgonjwa. Mwanafizikia Stephen Hawking, aliyekuwa na ugonjwa huohuo na kila msaada wa kitaalamu duniani, aliiendesha kompyuta yake kwa msuli wa shavu. Kope zake zilikuwa zikilegea, kamera haikuweza kuyashika macho yake vizuri.

Sasa tushuke Kwale. Vifaa bora vya infraredi, vikiwekwa mezani katika chumba kilichotulia, hukosea kwa uzi mmoja au chini yake. Mtu akikaa sentimita 60 kutoka kwenye skrini, uzi mmoja ni kama sentimita moja. Kamera ya simu hukosea zaidi. Tuipe heshima ya nyuzi mbili, na simu ishikwe sentimita 30 kutoka usoni, bado tunapata sentimita moja ileile. Simu yenyewe ina upana wa sentimita 7 hivi. Ukiionyesha kaunti yetu yote katika upana huo, sentimita moja ni zaidi ya kilomita 10. Mtu ameitazama Kombani kwa dhati kabisa, na mtambo una haki ya kudhani anaitazama Tiwi au Ng'ombeni. Ramani yenyewe ikikuzwa mpaka njia panda yetu ijae skrini, tatizo linageuka: stendi, msikiti, duka la dawa na kituo cha mafuta vimebanana, alama zake zimepandana.

Njia moja ya kukwepa hesabu hii imekwisha kuonekana kwenye simu za bei ya wastani. Mwezi Desemba 2020 Google ilitoa programu ya Look to Speak kwa simu za Android. Mtumiaji hatakiwi kulenga nukta. Anatazama kushoto, kulia au juu, nje kabisa ya skrini, na kwa kuchagua hivyo hatua kwa hatua anafikia sentensi anayotaka simu imsemee. Upande ni rahisi kuusoma kuliko nukta. Ramani ya kaunti ingeweza kuendeshwa vivyo hivyo: kushoto Kinango, kulia Diani, juu urudi ulikotoka. Ni polepole, lakini haikosei ovyo. Kwa vijana wa hapa wanaojifunza kuandika programu, kazi ya maana ni hiyo.

Lakini ramani isiyo na majina haina cha kuonyeshwa. Mwaka 2009 Kibera, mtaa unaojulikana dunia nzima, ulikuwa karibu mtupu kwenye ramani za umma, mpaka vijana wa Map Kibera walipoingia vichochoroni na vifaa vya GPS na kuyaweka majina kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Na hapa kwetu, nani ameviweka kwenye ramani vitongoji vya nyuma ya barabara ya lami, visima, zahanati, njia za kuelekea kaya, misitu yetu mitakatifu? Nazitaja kaya kwa uangalifu. Kuna mahali ambapo wazee hawataki paonyeshwe, nao wana haki, wasikilizwe kwanza kabla ya kijana yeyote kutoa simu yake.

Niseme pia juu ya nyuso zetu, maana mitambo hii haikuzaliwa pwani. Jua la Kwale lina infraredi tele, na kifaa kinachofanya kazi vizuri chumbani kinaweza kupofuka barazani saa saba mchana. Wanja mzito unaweza kuichanganya kamera inayotafuta mboni, kwa kuwa vyote viwili ni vyeusi. Macho ya kahawia iliyokolea hayana tatizo kubwa mbele ya infraredi, ila kwa kamera ya kawaida ya simu mpaka kati ya mboni na kahawia yake hauonekani vizuri. Na programu nyingi za kamera ya kawaida hutafuta uso mzima kwanza, ndipo zitafute macho. Mama aliyevaa nikabu ameacha macho yake wazi, hasa kile kinachohitajika, na huenda programu ikasema haioni mtu. Haya si makosa ya mama huyo. Ni maswali ya kumwuliza muuzaji. Tusisahau na maradhi: mtoto wa jicho, makengeza, kope zinazoshuka. Tuna Kituo cha Macho cha Kwale katika kaunti hii, na jicho linalotibika litibiwe kabla halijapewa kazi ya kuendesha kompyuta.

Limebaki jambo la siri. Wahenga walisema macho hayana pazia, nasi Wakenya tumelisikia hilo kwa uchungu. Mwaka 2023 watu walipanga foleni ndefu, mpaka pale KICC Nairobi, wapigwe picha ya macho na mradi wa Worldcoin, wapewe sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi. Tarehe 2 Agosti serikali ikausimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Kifaa cha kufuatilia macho ni kitu tofauti. Hakihitaji kujua wewe ni nani. Kinataka kujua unatazama wapi. Msiharakishe kukisamehe kwa sababu hiyo. Mkumbukeni Yarbus: njia ya macho inafichua swali lililo moyoni. Aliyeitazama hospitali ya Msambweni mara nyingi, au kiwanja fulani cha ufuoni, amesema jambo ambalo hakulitamka. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitambua ridhaa kuwa moja ya misingi ya kutumia data za mtu, na ridhaa ya kuitumia ramani isigeuzwe ridhaa ya kuuza mtazamo. Chagueni programu inayofanya hesabu zake ndani ya simu. Apple, ilipoingiza uendeshaji wa macho kwenye simu zake Septemba 2024, ilisema hesabu hizo hazitoki nje ya kifaa. Tudai hivyo kwa kila mwingine.

Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vyake. Haki hiyo ipo kwenye karatasi. Tenda za vifaa hivi zikitangazwa, atakuja mtu na kompyuta nzuri, ataonyesha ramani ya London ikiteleza mbele ya macho yake mwenyewe, na wakubwa watapiga makofi. Ombi langu kwa kaunti, kwa walimu wakuu na kwa kila familia inayochanga pesa ni moja. Kabla shilingi ya kwanza haijalipwa, kifaa kiletwe hapa, awekwe mbele yake yule atakayekitumia, mchana, na miwani yake au nikabu yake, aambiwe atafute Kombani kwenye ramani, afike, akosee kidogo, arudi nyuma mwenyewe. Akishindwa, kifaa kirudi kwa aliyekileta.